Majibu ya Maji Yako Wapi?

Mama mmoja alinisimamisha kisimani, katika kijiji kimoja mkoani Geita, akaniuliza swali ambalo limeninyima usingizi tangu siku hiyo. Nilikuwa na wanafunzi wangu, tukijaza chupa za sampuli kwenye pampu ya mkono. Alisubiri tumalize, ndoo yake ikiwa tupu, kisha akasema: "Mwalimu, hata mwaka juzi mlikuja mkayachukua maji yetu. Majibu yake yako wapi?"

Majibu yalikuwepo. Yalikuwa ndani ya tasnifu ya mwanafunzi niliyemsimamia mimi mwenyewe, imejalidiwa vizuri, imeandikwa kwa Kiingereza, imewekwa rafuni. Kisima chake kilikuwa miongoni mwa vile ambavyo aseniki ilizidi mikrogramu 10 kwa lita, ukomo unaopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mwanafunzi alipata shahada yake. Mimi nilipata sifa ya kusimamia. Mama aliendelea kuchota.

Nilimweleza palepale, nikiwa nimechelewa miaka miwili. Akauliza: "Sasa tuyachemshe?" Nikalazimika kumwambia kwamba kuchemsha hakuondoi aseniki, maji yakipungua kwa mvuke, sumu hubaki ileile katika maji machache zaidi.

Ndugu msomaji, naandika makala haya nikiwa mtuhumiwa wa kwanza, ili nipate haki ya kuwataja watuhumiwa wengine. Hoja yangu ni moja. Taifa letu limejiwekea utaratibu madhubuti wa kuijua dhahabu iliyo chini ya ardhi, lakini limeachia bahati nasibu suala la kumwambia anayekunywa maji ya ardhi hiyohiyo kwamba anakunywa nini.

Tuanze na mwamba. Ukanda wa dhahabu ulio kusini na mashariki mwa Ziwa Victoria, kuanzia Geita na Kahama hadi Tarime, umekaa katika miamba yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Humo dhahabu haikai peke yake. Huandamana na madini ya salfaidi, likiwemo arsenopairaiti, ambalo limeundwa kwa chuma, salfa na aseniki. Likiwa limefungiwa ndani ya mwamba halimdhuru mtu. Likikutana na hewa na maji huoza taratibu na kuiachia aseniki. Jambo hilo hutokea kiasili, bila mgodi wowote. Lakini huharakishwa pale mwamba unapopasuliwa, kusagwa na kurundikwa mvuani, iwe ni kwenye mgodi mkubwa au kwenye maduara ya wachimbaji wadogo.

Na maji je? Chini ya vijiji hivi hakuna ziwa lililofichika, kama wengi wanavyodhani. Maji ya visima yamo katika tabaka la mwamba uliooza, na katika nyufa za mwamba mgumu ulio chini yake. Baadhi ya nyufa hizo hufuata mikanda ileile ya mipasuko iliyopitisha majimaji moto yaliyoleta dhahabu hapo kale. Ndiyo maana visima viwili vilivyo umbali wa mita 200 tu vyaweza kutofautiana kabisa, kimoja kikawa salama na kingine kisiwe. Wastani wa wilaya haumsaidii mwananchi. Hakuna anayekunywa wastani; kila mtu anakunywa kisima chake.

Sasa tazama tunavyoitafuta dhahabu. Mwenye leseni ya utafiti huchoronga mwamba kwa mamia ya mita. Choronge hupangwa katika visanduku, huandikwa kina chake, hukatwa na kupelekwa maabara, mara nyingi kila mita na kipimo chake. Sheria ya Madini inamtaka awasilishe taarifa zake serikalini, na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, kule Dodoma, ndiyo mtunzaji wa kumbukumbu hizo. Ni utaratibu mzuri, nami nimefaidika nao. Gramu 1 ya dhahabu ndani ya tani 1 ya mwamba ni sehemu 1 katika milioni, na twaipata.

Lakini kuna jambo ambalo sisi wanajiolojia hatulisemi hadharani. Aseniki ni mojawapo ya viashiria tunavyotumia kuisaka dhahabu. Tunapima aseniki katika udongo na katika miamba, tunachora ramani yake, na pale inapozidi ndipo tunaposhawishika kuchoronga. Maana yake ni kwamba kwa sehemu kadhaa za ukanda huu, ramani za aseniki zimekwisha kuchorwa. Zilichorwa kwa ajili ya mwekezaji, zikamwambia aende wapi. Mama mwenye ndoo, anayeishi juu ya ramani hiyo, hajawahi kuonyeshwa.

Kwa upande wa maji nako sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Na. 11 ya 2009, imezipa bodi za mabonde yetu 9 mamlaka ya kusimamia maji ya juu na ya chini ya ardhi, pamoja na vibali vya uchimbaji wa visima. Upungufu uko katika utekelezaji. Nilipoomba kumbukumbu za visima katika ofisi moja ya umma, nililetewa daftari lenye jina la kijiji, kina cha kisima, jina la mfadhili na tarehe ya uzinduzi. Safu ya ubora wa maji ilikuwa tupu, ukurasa baada ya ukurasa. Kisima kilihesabiwa kuwa kimekamilika pale utepe ulipokatwa.

Najua majibu nitakayopewa, na nitayajibu mapema.

La kwanza ni bomba. Nitaambiwa kwamba maji ya ziwa yanakuja, hivyo visima havina umuhimu tena. Mradi wa kupeleka maji ya Ziwa Victoria Kahama na Shinyanga ni kazi ya kujivunia, na sitaibeza. Lakini bomba lina njia yake, na kitongoji kilicho mbali na njia hiyo bado kinaishi kwa kisima. Zaidi ya hapo, mtoto anayezaliwa leo hawezi kuahirisha kiu hadi bajeti ijayo. Madhara ya aseniki hujikusanya kwa miaka: ngozi kubadilika, kisha saratani ya ngozi, ya kibofu, ya mapafu. Yanapoonekana, maji yaliyoyaleta yalikwisha kunywewa zamani.

La pili ni taharuki. Neno hili limekuwa kufuli la vinywa vya wasomi wengi. Tunakumbuka marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya 2018, yaliyofanya iwe kosa kutoa takwimu za kupinga zile rasmi. Adhabu hiyo iliondolewa 2019, lakini woga haukuondolewa pamoja nayo. Basi wanaoogopa taharuki waitazame Bangladesh. Kuanzia miaka ya 1970 walichimbiwa visima vya pampu kwa nia njema kabisa, ili waachane na maji machafu ya madimbwi. Aseniki haikupimwa. Ilipokuja kutambuliwa rasmi katika miaka ya 1990, mamilioni ya watu walikuwa wamekwisha kuinywa kwa miaka. Na walipoamka, walifanya jambo rahisi: walipima visima kwa mamilioni, chenye sumu kikapakwa rangi nyekundu, kilicho salama kijani. Rangi hiyo iliwapa watu uwezo wa kuchagua.

La tatu ni gharama. Kwa hili nitakuwa mkali kidogo. Nchi inayopima mwamba mita kwa mita ili kujua faida iliyomo, haiwezi kudai kwamba chupa moja ya maji kwa kisima ni mzigo usiobebeka. Sheria yetu inazitaka kampuni za madini ziandae mipango ya uwajibikaji kwa jamii pamoja na halmashauri. Visima vimekuwa zawadi inayopendwa katika mipango hiyo, vikiwa na vibao vikubwa vyenye jina la mtoaji. Ninachoomba ni kwamba kibao hichohicho kiandikwe, kwa Kiswahili, maji haya yalipimwa lini, yalikutwa na nini, na yatapimwa tena lini. Jina la mtoaji libaki, ila lisiwe peke yake.

Naomba pia kwamba takwimu za aseniki na za kina cha maji zinazokusanywa wakati wa utafiti wa madini zisifungwe pamoja na siri za kibiashara. Kampuni ina haki ya kulinda siri ya dhahabu yake. Haina haki ya kulinda siri ya sumu iliyo katika maji ya jirani yake. Takwimu hizo zipelekwe kwa bodi ya bonde, na kutoka huko zifike kwa serikali ya kijiji.

Nabakiwa na sisi wenye magauni ya mahafali. Tafiti zilizochapishwa na wenzetu zimekwisha kuonyesha aseniki iliyozidi kiwango katika baadhi ya vyanzo vya maji vya Geita na Mara. Zimenukuliwa ng'ambo na zimewapandisha watu vyeo. Ni ngapi zilizosomwa kwenye mkutano wa kijiji? Kibali changu cha utafiti kilinitaka nipeleke nakala ya ripoti katika ofisi kadhaa, na kijiji hakikuwemo katika orodha. Napendekeza vyuo vyetu viweke sharti jipya: tasnifu yoyote iliyotumia maji, damu au udongo wa wananchi isipitishwe kabla mwandishi hajathibitisha kuwa amewarudishia majibu kwa lugha wanayoielewa.

Majuma sita baada ya siku ile nilirudi kijijini na karatasi moja, orodha ya visima 11 na hali ya kila kimoja. Mwenyekiti wa kijiji aliipokea kwa heshima, akaisoma mara mbili, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama nina ruhusa ya kuibandika. Mama yule hakusubiri jibu langu. Aliuliza kisima cha karibu kilicho salama ni kipi. Kilikuwa ng'ambo ya bonde, mwendo wa nusu saa. Akachukua ndoo yake, akaenda.