Afya na Familia: Meli ya babu na vidonge vya presha

Mzee mmoja wa Igogwe, wilayani Rungwe, aliacha vidonge vya presha mwezi mmoja tu baada ya kuanza. Kichwa kilikuwa hakiumi tena, akaona amepona. Mjukuu wake alipomuuliza, alijibu kwa mkato: “Mwili wangu umeshachakaa. Dawa za nini tena?”

Binti hakubishana naye. Alijua babu aliwahi kufanya kazi reli ya Kigoma, na kwamba hachoki kusimulia habari za Mv Liemba.

“Babu, hivi ile meli ina umri gani?”

Mzee akachangamka. Akaeleza kuwa ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kupakiwa kwenye makasha. Ikaja Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa treni, ikaundwa upya na kushushwa Ziwa Tanganyika mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Julai 1916, vita vilipowaelemea, Wajerumani waliizamisha wenyewe, lakini kwanza wakazipaka injini grisi nyingi. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Injini zake za mvuke zilibadilishwa kuwa za dizeli miaka ya 1970.

“Na mwaka 2015,” akaongeza, “Warundi walipokimbilia Kagunga na kipindupindu kikawaingia, ni Liemba iliyowabeba hadi Kigoma. Ilikuwa na miaka mia!”

“Kwa nini walipaka grisi meli wanayoizamisha?”

“Kutu, mjukuu wangu. Kutu hula polepole, huisikii. Ukingoja uione, chuma kimekwisha.”

“Sasa babu, presha nayo inaumaje?”

Mzee alinyamaza, kisha akacheka. “Umenikamata.” Siku ya kliniki walikwenda pamoja.

Familia nyingi zina mzee wa namna hii. Presha ya kupanda mara nyingi haina dalili, lakini huku kimyakimya inaharibu moyo, figo na mishipa ya ubongo, na kiharusi kinaweza kuwa dalili ya kwanza. Kujisikia vizuri si ishara kwamba mtu amepona. Mgonjwa asiache wala kupunguza dawa bila kuongea na mhudumu wa afya. Kama dawa inamsumbua, aseme, kwani zipo nyingine.

Nyumbani, dawa zifungamanishwe na jambo la kila siku, kama chai ya asubuhi. Chumvi ipunguzwe kwenye chungu cha wote, mzee asipikiwe peke yake. Tarehe ya kliniki ijulikane na zaidi ya mtu mmoja.

Liemba imefikisha zaidi ya miaka mia kwa sababu kila kizazi kilikubali kuigharimia matengenezo. Wazee wetu wanastahili hata zaidi ya hayo.