Mjusi wa Uani Hana Kesi ya Kujibu

Kuanzia Kilwa Masoko hadi Lindi mjini, mjusi mdogo wa uani ana washtaki wengi na mtetezi hana. Hadithi za kumuua ni mlango wa masheikh, siingii humo. Najibu mashtaka manne yanayoweza kupimwa kwa macho.

"Ana sumu, akiangukia chungu mtu anakufa."
Mijusi wanaojulikana zaidi kwa sumu ya kumdhuru mtu, yule wa Gila na jamaa zake wenye magamba kama shanga, wako Marekani, Meksiko na Guatemala. Mjusi kafiri wa darini, yule mwenye mistari anayeota jua ukutani, na yule ambaye dume lake lina kichwa cha buluu, hawana sumu. Ukweli uliomo ni huu: kinyesi cha mjusi huweza kubeba bakteria wa salmonela, na hao huharisha. Chakula alichoingia kisiliwe, kama kile alichopitia panya. Dawa yake ni kawa juu ya sinia.

"Kutembea kichwa chini darini, na mkia kucheza peke yake, ni uchawi."
Chini ya vidole vya mjusi kafiri kuna vinyweleo vidogo mno, na ncha za kila kimoja zimegawanyika tena. Zikigusana na dari kwa ukaribu sana, molekuli za pande mbili huvutana. Mtafiti Kellar Autumn na wenzake walilithibitisha hilo mwaka 2002. Mwangalie akipanda kioo cha dirisha: kila hatua hubandua vidole kuanzia nchani. Mkia nao hukatikia kwenye ufa uliomo tayari ndani ya pingili, kisha hurukaruka ili paka aufuate huo, mwenyewe atoroke. Unaoota upya una gegedu badala ya mfupa, na rangi yake hailingani na mgongo. Ukimwona mwenye mkia wa namna hiyo, ujue amewahi kuponea chupuchupu.

"Anachafua kuta tu, faida hana."
Vidoa vya ukutani ni kweli, vinafutika. Lakini keti kibarazani taa ikiwaka: mjusi kafiri atanyemelea nondo, asimame, aruke, kisha alambe macho yake, maana hana kope za kupepesa. Mende wadogo, kumbikumbi na mbu pia humezwa. Ila tusimpambe kupita kiasi: hazuii malaria, chandarua kibaki palepale.

"Mjusi wa maana ni wa Tendaguru, hawa ni vijukuu vyake."
Dai hili ni letu hasa watu wa Lindi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa kilimani Tendaguru, mkoani Lindi, na wapagazi wakaibeba hadi bandari ya Lindi. Mnyama mkubwa kati ya wenye mifupa hiyo leo amesimama Berlin, kimo chake kikizidi mita 13. Tumezoea kumwita mjusi, lakini ni dinosaria, na ukoo wa dinosaria uliobaki hai ni ndege. Jamaa yake wa karibu zaidi hapo uani kwako ni kuku. Tena mawe yaleyale ya Tendaguru, yenye miaka kama milioni 150, yametoa pia mabaki ya mjusi mdogo hasa. Kwa hiyo hawa si vijukuu vya lile jitu. Jamaa zao waliishi nalo bega kwa bega. Lenyewe likatoweka, ukoo wao ukabaki.

Mashtaka yote manne yameanguka, kasoro la uchafu, nalo adhabu yake ni kitambaa chenye maji. Kesho saa tatu asubuhi kaa kimya mbele ya ukuta unaopigwa jua, uone dume la kichwa cha buluu likitikisa kichwa kuwaonya wenzake wasiingie eneo lake. Watoto nao waite waangalie, bila mawe mkononi. Funika chakula, tundika chandarua, mjusi mwache.