Mshauri wa mawasiliano apimwe sokoni, si hotelini

Kazi mojawapo iliyopata heshima katika nchi zetu za Maziwa Makuu ni ile ya mshauri wa uhusiano na umma. Wengi huanzia redioni au gazetini, wakapanda kuwa maafisa uhusiano wa wizara au benki, kisha wakajitegemea na kuuza ushauri wao kwa miradi ya maendeleo: ya maji, ya makazi ya waliorejea kutoka uhamishoni, ya wafanyabiashara wadogo wa mipakani. Siwaonei wivu. Ninachouliza ni hiki tu: mkataba ukiisha, ni nani aliyejua jambo ambalo awali hakulijua?

Tuchukue mfano unaomgusa kila apitaye Rusumo au Kabanga. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina cheti rahisi cha uasili wa bidhaa. Mfanyabiashara mwenye mali iliyozalishwa ndani ya Jumuiya, yenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, hupewa cheti hicho pale pale mpakani na afisa wa forodha, na mali yake haitozwi ushuru wa forodha. Ukaguzi wa mazao uko pale pale, na kodi nyingine za ndani zinaweza kumhusu, lakini ushuru huo hapana.

Mama mwenye magunia matatu ya maharage asiyelijua hili hana njia nyingi. Atamlipa mtu wa kati anayejidai kuwajua wakubwa, au atapita njia za panya usiku, ambako akikamatwa mtaji wote umekwenda, na akidhulumiwa hana pa kushitaki kwa sababu yeye mwenyewe anajificha. Hasara hiyo haitokani na kukosa sheria. Sheria ipo. Kilichokosekana ni habari, na habari ndiyo kazi aliyolipwa mshauri.

Lakini mara nyingi tunaona nini? Semina hotelini, posho, fulana zenye nembo ya mfadhili, vipeperushi kwa Kiingereza. Nilipata kuhudhuria semina moja ya aina hiyo. Washiriki karibu wote walikuwa maafisa. Wauza nyanya waliozungumzwa siku nzima walikuwa ng'ambo ya barabara, wanauza nyanya. Ripoti za kazi kama hizo huhesabu vipeperushi vilivyogawiwa, na hazisemi vingapi viligeuka kuwa vifungashio vya karanga.

Suala la lugha nalo halina kisingizio. Wengi waliorejea Rwanda na Burundi kutoka Tanzania au Kongo walirudi na Kiswahili chao. Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017, na wakuu wa Jumuiya waliridhia mwaka 2021 kiwe lugha rasmi pamoja na Kifaransa. Aliyerudi anataka kujua shamba la baba yake linadaiwa wapi, kitambulisho kinapatikana vipi, na mtoto aliyefika darasa la sita Tanzania ataingizwa darasa gani huku. Ajibiwe kwa lugha anayoielewa.

Wala hatuhitaji kuagiza walimu kutoka mbali. Mwaka 1995 Radio Kwizera ilianzishwa Ngara na shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi. Mwaka huo huo Studio Ijambo ilianza Bujumbura, na waandishi wa Kihutu na wa Kitutsi wakafanya kazi chumba kimoja wakati mji wenyewe umegawanyika. Upande wa pili tunaujua vilevile: Desemba 2003 mahakama ya Arusha iliwatia hatiani waasisi wawili wa redio RTLM. Katika eneo hili hakuna anayeweza kudai kwamba maneno ni mapambo ya mradi.

Tatizo la fani hii ni la tangu kuzaliwa kwake. Mmarekani Ivy Lee, anayehesabiwa miongoni mwa waasisi wake, alitangaza mwaka 1906 kwamba atawapa wananchi habari za wazi na za kweli. Mwaka 1914, baada ya wachimbaji waliogoma na jamaa zao kuuawa Ludlow, Colorado, aliajiriwa na Rockefeller na kusambaza taarifa ambazo baadhi hazikuwa sahihi kuhusu viongozi wa mgomo. Aliyemlipa alikuwa mmoja, na waliozungumzwa wengine.

Kwa hiyo napendekeza mkataba ubadilike. Sehemu ya mwisho ya malipo isitoke mpaka watu ishirini, waliochukuliwa ovyo siku ya gulio, waulizwe kile walichotakiwa kufahamishwa. Na mshauri alipwe pia kwa kurudisha maswali ya sokoni kwa wakubwa, hata yasiyo na majibu. Mpaka wa Gatuna ulipofungwa Februari 2019, swali la wafanyabiashara lilikuwa moja: utafunguliwa lini? Ulifunguliwa tena 31 Januari 2022. Afisa aliyesema waziwazi "hatujui" aliwasaidia kuliko aliyesema "karibuni", maana mwenye mtaji mdogo akisikia "karibuni" huweka mzigo ghalani ukaoza.

Vyama vya ushirika vya mipakani havina haja ya kungoja mikataba ibadilishwe. Safari nyingine akija mgeni na maboksi ya fulana, aulizwe kwanza cheti kile hutolewa dirisha gani, saa ngapi, na asiyejua kusoma ni nani humjazia fomu.