Si Kila Kinachowaka ni Salama

Ndugu msomaji, juma hili safu yetu inatoka Magindu, katika Wilaya ya Kibaha, ambako tulikwenda kumjulia hali mwalimu mmoja mstaafu, nasi tukarejea na somo ambalo tumeona si vema kulifungia kifuani.

Mwalimu huyo alisoma Uingereza ujanani mwake, na aliporejea alikuja na kompyuta aina ya BBC Micro, iliyoundwa na kampuni ya Acorn, ikaanza kuuzwa mwaka 1981 na kuenea sana katika shule za nchi ile. Hapa kwetu mashine za namna hiyo zilikuwa adimu, kwani mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na ilichukua miaka mingi marufuku hiyo kulegezwa. Mwalimu aliitunza kama kumbukumbu, ikalala sandukuni chini ya kanga. Umeme ulipofika nyumbani kwake, wajukuu wakambembeleza awaoneshe.

Akaiwasha. Ikatoa mlio wake wa sauti mbili, maandishi yakatokea kwenye televisheni ya zamani, watoto wakashangilia. Baada ya robo saa hivi ukasikika mpasuko mdogo, na moshi mzito wenye harufu kali ukatoka ubavuni mwa mashine. Mjukuu mkubwa alikimbilia swichi ya ukutani. Alhamdulillah, hakuna aliyedhurika.

Fundi aliyeitwa alifungua kisanduku cha umeme cha kompyuta ile, akaona kidude kilichopasuka, akakikata kwa koleo na kuiwasha tena. Ikawaka. "Shikamoo yako nimeilipa, Mwalimu," akasema kwa furaha, "mashine imepona." Lakini mwalimu hakuridhika. Tulipofika akatuuliza: "Wanangu, kama kidude kile hakikuwa na kazi, Waingereza walikiweka cha nini?"

Swali hilo ndilo linalotupasa kulijibu.

Kidude kile huitwa kapasita ya usalama. Kompyuta hubadili umeme wa ukutani kwa kuukatakata kwa kasi kubwa, na ukatikaji huo huzalisha vurugu ambazo zingerudi katika nyaya za nyumba na kukwaruza redio za jirani. Kapasita hizi huzizuia vurugu hizo. Ndiyo maana mashine huwaka hata zikiondolewa. Lakini kuwaka ni jambo moja, na kuwa kamili ni jambo jingine.

Zipo za madaraja mawili. Ya daraja la X hukaa kati ya waya wa moto na nyutro. Ikiharibika, inaweza kuunganisha nyaya hizo mbili, fyuzi ikakatika au, fyuzi isipokuwa sahihi, moto ukazuka. Ya daraja la Y hukaa kati ya nyaya za umeme na waya wa ardhini, ambao ndio uliofungwa kwenye bati la mashine. Hiyo ikiunganisha, bati lote linaweza kuwa na umeme, na mtoto anayeligusa ndiye anayekuwa njia ya umeme kwenda ardhini. Kwa sababu hiyo, kapasita za Y hutengenezwa kwa masharti makali zaidi, ili zikifa zikate njia badala ya kuiunganisha.

Sasa, kwa nini ile ya mwalimu ilipasuka ilhali mashine ilikuwa imepumzika miaka yote? Kapasita nyingi za zama zile, hususan zilizotengenezwa na kampuni ya RIFA, ndani yake zina karatasi iliyopakwa madini, na nje zina gamba gumu la rangi ya manjano linalopitisha mwanga. Miaka ikipita gamba hufanya nyufa nyembamba. Unyevu wa hewa hupenya na kunywewa na karatasi. Hapo mashine inapowashwa, umeme huvuja ndani ya karatasi, joto hupanda, na mwisho wake ni moshi. Huku kwetu Pwani unyevu ni mwingi, hivyo kuhifadhi hakukuilinda mashine.

Tulikwenda tena Magindu pamoja na fundi mwenye uzoefu. Kwanza alichomoa plagi, akasubiri, kisha akapima kwa mita kapasita kubwa ya ndani, kwani hiyo huweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya umeme kuzimwa. Ndugu msomaji, hapa si mahali pa kujaribu kwa bisibisi. Asiye fundi asifungue. Kisha akang'oa mabaki ya ile iliyopasuka, yenye ujazo wa maikrofaradi 0.1, pamoja na mwenzake wa 0.01 ambaye alikuwa bado mzima ila gamba limejaa nyufa. Mahali pake akachomelea mpya za plastiki, zenye ujazo uleule na alama ya X2 na volti 275 za umeme wa ukutani.

Alama hiyo ndiyo ya kuangaliwa dukani. Kapasita ya kawaida iliyoandikwa volti 250 za umeme wa betri haifai, kwa kuwa umeme wetu wa volti 230 hupanda na kushuka, na kileleni hufika takriban volti 325. Bei ya kapasita sahihi ni ndogo. Gharama ya isiyo sahihi huenda ikalipwa na nyumba nzima.

Fundi aliona na jambo jingine. Pini ndefu ya plagi, ile ya ardhini, ilikuwa imekatwa ili iingie katika ekstensheni ya matundu mawili. Tabia hii imeenea majumbani, na hata katika baadhi ya madrasa zetu zilizopewa kompyuta zilizotumika. Pini ile ikikatwa, ulinzi wa waya wa ardhini umeondolewa. Ndipo watu husema bati la mashine "linawasha vidole" na kulichukulia kuwa ni mzaha. Tusikate pini, wala tusifungue soketi kwa kuchomeka kalamu.

Plagi mpya ikafungwa, pamoja na fyuzi ya ampea 3. Mlio wa sauti mbili ukasikika tena, na mjukuu mdogo akaandika jina lake kwenye kioo. Mwalimu akaweka kile kidude kilichopasuka mezani mbele ya watoto, akasema atakitumia kufundishia.

Watoto na nyumba ni amana mikononi mwetu. Fundi akikwambia "imewaka", mshukuru, kisha muulize alichoondoa, na alichokirudisha mahali pake. Tukutane juma lijalo, in shaa Allah.