Mnaongeza nguvu, shida ni kipimo

Wasee, nikitaja gari zinazoongea zenyewe kwa zenyewe, hakosi mtu wa kuniambia, "Si waongeze tu nguvu ya antena." Zii! Nguvu si shida hapa.

Gari hizi huongea kwenye 5.9 GHz, mawimbi ya urefu wa sentimita 5 hivi. Chukua mbili zinazokaribiana barabarani, kila moja iko 100 kwa saa. Hizo ni kama mita 55 kila sekunde. Sentimita 2.5, yaani nusu wimbi, zinaisha kabla ya nusu milisekunde, na hapo njia ya mawimbi ishageuka. Bado hujaweka lori na matatu zinazorudisha mwangwi, kila moja na spidi yake.

Sasa 2010 tukaletewa nini? Wi-Fi ya nyumbani, chaneli ikapunguzwa kutoka 20 MHz hadi 10, ikaitwa 802.11p. Kipimo kamili cha njia kinafanywa mara moja, mwanzoni mwa pakiti. Kwa ruta iliyotundikwa ukutani, fiti. Lakini pakiti ya baiti 300 kwa megabiti 6 inachukua karibu hiyo nusu milisekunde yote! Mkia wake unasomwa kwa kipimo kilichooza, na huo mkia unaweza kuwa ndio umebeba habari ya breki.

Dawa ni kupima tena katikati ya pakiti. 802.11bd inafanya hivyo, ila ilikuja zaidi ya miaka kumi baadaye. Na bado mnanitajia antena.