Mbung'o hana pasi, mpaka haumzuii

Desemba 1998, malale yalizuka wilayani Soroti, mashariki mwa Uganda, wilaya ambayo hadi wakati huo haikuwa na ugonjwa huo. Watafiti walipofuatilia chanzo, nyayo ziliwafikisha mnadani. Katika soko la ng'ombe la Brookes Corner, zaidi ya nusu ya mifugo iliyouzwa ilitoka maeneo ambako malale yalikuwa yamekita mizizi. Aliyeishi karibu na soko alikuwa katika hatari kubwa kuliko aliyeishi mbali. Matokeo hayo yalichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2001.

Habari hiyo inamhusu moja kwa moja kila anayenunua ng'ombe Tororo na kumuuza Busia, au kinyume chake. Wafanyabiashara wa Soroti hawakukusudia kueneza maradhi. Ng'ombe wa kienyeji anaweza kubeba vimelea vya malale akiwa mnene, anang'aa na anapata bei nzuri. Mbung'o akimuuma ng'ombe huyo kisha akamuuma binadamu, safari ya ugonjwa imekamilika. Malale ya aina hii yasipotibiwa humuua mgonjwa katika muda wa miezi tu.

Dawa ya tatizo hili inajulikana, tena ni nafuu kuliko wengi wanavyodhani. Sehemu kubwa ya sifa inamwendea Glyn Vale, mtafiti wa Zimbabwe aliyetumia miaka mingi katika bonde la Zambezi akijifunza tabia za mbung'o: anavutwa na nini, anamchagua nani, anatua wapi. Katika jaribio moja, ng'ombe walifichwa shimoni na harufu yao ikapandishwa juu kwa bomba. Mbung'o walikuja ingawa hawakuona mnyama yeyote. Kutokana na kazi ya namna hiyo vikapatikana vitambaa vya buluu na vyeusi vilivyotiwa dawa na harufu, ambavyo humwita mdudu hadi kwenye kifo chake.

Baadaye Vale na wenzake waligundua jambo lenye faida zaidi kwa mfugaji. Mbung'o hawagawani kundi kwa usawa. Huwaendea zaidi ng'ombe wakubwa, na wengi wao hutua miguuni na tumboni. Mwaka 2007, Steve Torr, Ian Maudlin na Vale walieleza kwamba hakuna haja ya kumwogesha dawa kila mnyama kuanzia pembe hadi mkia. Inatosha kupuliza miguu na tumbo la wale wakubwa.

Mbinu hiyo ilijaribiwa katika vijiji vya Tororo kwenyewe. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2014 yalionyesha kwamba kupuliza ng'ombe mmoja kati ya wanne kijijini, kwa njia hiyo ya miguu na tumbo, kunatosha kupunguza vimelea vya aina inayoleta malale, na kwamba kupuliza zaidi ya hapo hakukuongeza kinga ya maana. Mwenye ng'ombe wanane anahitaji kupuliza wawili. Hiyo ni hesabu ambayo mfanyabiashara yeyote anaielewa.

Kwa nini basi jambo rahisi hivyo halijawa desturi katika kila mnada wa mpakani? Sehemu ya jibu iko katika historia. Tororo palikuwa makao ya taasisi ya Afrika Mashariki ya utafiti wa malale na nagana, mali ya nchi zote za Jumuiya. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilishika njia yake. Kenya ikaanzisha taasisi yake huko Muguga, na wagonjwa wa upande wake wakatibiwa Alupe, mwendo mfupi tu kutoka Busia. Wanasayansi waliokuwa wakikaa meza moja wakatenganishwa na mpaka. Mbung'o hakutenganishwa na kitu.

Gharama ya mgawanyiko huo ni kubwa zaidi leo. Agosti 2025, Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeyatokomeza malale kama tatizo la afya ya umma. Hayo ni mafanikio ya kujivunia. Lakini mashariki mwa Uganda bado ni makao ya malale ya aina kali, ambayo hifadhi yake kubwa ni ng'ombe, na ng'ombe huvuka kila siku, wengine kwa njia halali na wengine kwa njia za panya. Cheti kilichopokelewa Nairobi kinaweza kuharibiwa na fahali mmoja aliyevushwa usiku.

Yapo mambo matatu ya kufanywa. Kwanza, ng'ombe anayetoka eneo lenye malale achomwe sindano ya kuua vimelea na kupulizwa miguu kabla ya kuuzwa, na hati ya daktari wa mifugo wa Tororo itambuliwe Busia ya Kenya bila kulipiwa upya. Pili, madaktari wa mifugo wa pande zote mbili wapeane taarifa za magonjwa kama maofisa wa forodha wanavyofanya kazi chini ya paa moja katika kituo cha pamoja cha Busia, kilichozinduliwa rasmi Februari 2018. Tatu, ada iwe ndogo na ibandikwe wazi sokoni. Huduma hii ikigeuzwa kuwa kizuizi kingine cha kutolea kitu kidogo, ng'ombe watapita vichakani na ugonjwa utapita nao.

Wafanyabiashara nao wana nguvu ambayo serikali hazina. Mnunuzi akikataa ng'ombe asiye na hati ya tiba, muuzaji atamtafuta daktari mwenyewe wiki inayofuata. Hatua hiyo haihitaji mkutano wa mawaziri wala kikao cha Arusha.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Soroti ilijenga ukuta huo kwa maisha ya watu wake. Busia na Tororo wana nafasi ya kuziba ufa kwa bomba la mkononi na dawa kidogo miguuni mwa ng'ombe.