Unga Usoni si Ugonjwa

Liko kosa moja la fani ambalo wahakiki wetu wamelivumilia kupita kiasi, pengine kwa kuwa wengi wao huzisoma tamthilia badala ya kuzitazama. Mwanafunzi apewapo nafasi ya mgonjwa wa UKIMWI katika maigizo ya shule, hupakwa unga usoni na masizi chini ya macho, kisha akasukumwa jukwaani. Hapo mhusika mwingine hutamka maneno ya mtunzi, kwamba ugonjwa huu hautambuliki kwa kumtazama mtu. Uso unayakanusha maneno, na hadhira huuamini uso.

Unga huo ni kaida ya majukwaa ya Ulaya, ambako ngozi nyeupe ikipungukiwa damu huzidi weupe. Ngozi nyeusi haiugui hivyo. Mhudumu wa afya anayetafuta upungufu wa damu hutazama viganja na ndani ya kope la chini, mahali ambapo mtazamaji wa safu ya tatu hapaoni kamwe.

Tuichukue hadhira ya Loitokitok, mji ulio chini ya Kilimanjaro, karibu na mpaka wa Tanzania. Huko uso mweupe una maana yake tayari: vijana wa Kimaasai waliotoka tohara huvaa nguo nyeusi na kujichora usoni kwa udongo mweupe. Mwigizaji anaingia akidhani amebeba kifo. Mzee aliyeketi mbele anamwona kijana anayengoja kuwa morani. Haihitajiki semiotiki (neno walipendalo wenzetu wa idara) ili kung'amua kwamba ishara mbili zimegongana.

Watetezi wa unga huuliza: basi mgonjwa aonekaneje? Mgonjwa yupi? Bila dawa, mwenye virusi aweza kuishi miaka minane au kumi pasipo dalili. Sura ya mifupa mitupu ilikuwa na ukweli wake Ibrahim Ngozi alipotoa Ushuhuda wa Mifupa mwaka 1990; lakini tangu dawa za kufubaza virusi zianze kuenea katika hospitali za umma nchini Kenya baada ya 2003, wengi hawafikii hali hiyo. Msichana aliyefunzwa na jukwaa humtafuta mwenye masizi machoni. Asipomwona, hujihesabu salama, wala haendi kupimwa.

Molière mwenyewe, mwaka 1673, aliigiza mzima anayejidhania mgonjwa, ilhali mapafu yake yalikuwa yakimuua kweli. Alifariki usiku uleule.

Palipo lazima mhusika adhoofike, shati lililouzidi mwili, pumzi fupi, na mkono unaokitafuta kiti kabla ya kuketi vyatosha. Hiyo ni kazi ya mwelekezi na mwigizaji, nayo hudai mazoezi ya majuma. Kopo la unga hudai dakika tano. Waamuzi wa mashindano wanaotuza mapambo na waanze kwa kuzinyima alama nyuso hizo.